Utatuzi wa Matatizo katika Karakana ya Useremala ya Nyumbani: Dalili, Vyanzo na Tiba za Kujitengenezea

Kosa linapoonekana kwenye kazi ya mbao, mara nyingi limezaliwa hatua mbili au tatu nyuma. Droo inayokwama ilipimwa kwa skwea (kifaa cha kupimia pembemraba) isiyo sahihi, uso wa meza uliopasuka ulibanwa kwa skrubu zisizouachia nafasi ya kutanuka, na kiungo kilichofunguka kilipakwa gundi juu ya uso uliorandwa kwa kisu butu. Fundi anayekimbilia kurekebisha pale kosa linapoonekana huishia kugusa jambo lisilohusika, na pengine kuharibu lile lililokuwa sawa.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata swali moja kutoka dalili hadi dalili: je, kosa linafuata ubao, linabaki kwenye kifaa, au linatoka kwenye mkono wa fundi? Njia ya kulijibu ni kugeuza au kubadilisha kitu kimoja tu, huku vingine vyote vikibaki kama vilivyokuwa, kisha kutazama kosa limekwenda wapi. Majaribio mengi yaliyoelezwa hapa yanahitaji penseli, kipande cha mbao na subira, na vifaa vingi vya kurekebishia vinaweza kutengenezwa kwa mabaki ya mbao na plaiwudi ambayo kila karakana inayo.

Fremu haikai mraba na viungo havikutani

Dalili hii huja kwa sura mbalimbali: mlango wa kabati unaning'inia upande mmoja, pembe za fremu zinaacha mwanya kwa ndani au kwa nje, au sanduku lililounganishwa linacheza linapowekwa juu ya meza iliyonyooka. Kabla ya kulaumu msumeno, pima skwea yenyewe. Tafuta ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea kwenye ukingo huo na chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Kisha igeuze skwea upande wa pili na uchore mstari mwingine ukianzia nukta ileile ukingoni. Mistari miwili ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, umbali kati yake ni mara mbili ya kosa halisi. Mwanya wa milimita 0.6 kwenye urefu wa milimita 200 una maana kwamba skwea imepotoka kwa milimita 0.3 katika urefu huo.

Skwea kubwa ya bati yenye umbo la L inaweza kurekebishwa. Ukigonga kwa pointi (chuma chenye ncha) na nyundo karibu na pembe ya ndani, chuma hutanuka hapo na pembe hufunguka. Ukigonga karibu na pembe ya nje, pembe hufunga. Gonga kidogo, pima tena, na usikimbilie pigo la pili kabla ya kuona matokeo ya la kwanza. Skwea ndogo yenye mpini wa mbao haina budi kurekebishwa kwa tupa laini kwenye ukingo wa bapa, kazi ambayo inataka utulivu mkubwa.

Kanuni hiyohiyo ya kugeuza hutumika kupima rula ndefu na pimamaji. Chora mstari kwa rula, igeuze upande wa pili ili ukingo uleule uangalie mstari kutoka upande mwingine, kisha chora tena. Mistari ikiacha mwanya katikati, rula imepinda. Pimamaji huwekwa mahali pamoja, husomwa, kisha hugeuzwa mwanzo kuwa mwisho. Kiputo kikikaa mahali tofauti, kifaa ndicho chenye kosa na meza haina hatia.

Baada ya kuhakikisha kwamba skwea ni sahihi, hamia kwenye msumeno wa meza au kalibu ya kukatia, yaani kifaa kinachoteleza juu ya meza ya msumeno kikiwa na upau wa kuegemezea ubao unaokatwa. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha mikato mitano, kwa kuwa kinakuza kosa mara nne na hakitegemei skwea hata kidogo. Chukua kipande cha plaiwudi chenye upana wa takriban milimita 500 kila upande. Kata ukingo wa kwanza, kizungushe ili ukingo uliokatwa uegemee kwenye upau wa kalibu, kata wa pili, na uendelee hivyo hadi mkato wa nne. Mkato wa tano unarudi kwenye ukingo wa kwanza, na hapo unakata ukanda wenye upana wa milimita 20 hivi na kuuhifadhi. Pima upana wa ukanda huo kwenye ncha zake mbili. Tuseme ncha moja ina milimita 20.0 na nyingine milimita 21.0: tofauti ya milimita 1 igawanywe kwa 4, nawe utapata kosa la milimita 0.25 kwenye urefu wa milimita 500. Ikiwa skrubu ya kurekebishia upau ipo milimita 400 kutoka kwenye egemeo lake, unapaswa kuusogeza upau kwa milimita 0.2 pale kwenye skrubu, yaani unene wa karatasi mbili za kawaida. Karatasi hizo ndizo zitakazotumika kama kipimo: ziweke kati ya upau na kipande cha mbao kilichofungwa nyuma yake, au uziondoe, kulingana na upande unaotaka kusogea.

Kama kalibu na skwea zote ni sahihi na fremu bado haikai mraba, kosa liko kwenye ukusanyaji. Pima mishazari miwili ya fremu kabla ya gundi kushika. Mshazari mrefu ndio unaopaswa kubanwa, na klampu moja iliyowekwa kwa kulala kidogo kufuata mshazari huo huivuta fremu irudi. Kwa pembe za sanduku, tengeneza pembetatu nne za plaiwudi zenye pembemraba iliyopimwa, toboa matundu makubwa ya kupitishia klampu, na ukate kidogo ile ncha ya pembemraba ili gundi inayotoka isiigandishe pembetatu kwenye kazi yako.

Ubao ulionyooka jana umepinda leo

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, na hapa ndipo watu hulaumu mbao bila kuielewa. Mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote. Inapokauka chini ya kiwango cha asilimia 30 hivi ya unyevu, huanza kusinyaa, lakini haisinyai sawasawa: kwa urefu karibu haibadiliki kabisa, wakati kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji husinyaa takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kwenye moyo wa mti kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo ujikunje kwa upana unapokauka, na kila mara mkunjo huo huelekea upande usio na moyo, kana kwamba pete zinajaribu kunyooka.

Jaribio la kutenganisha vyanzo ni rahisi. Ubao uliolazwa juu ya benchi usiku kucha hupumua upande wa juu pekee, hivyo upande huo hukauka zaidi na kingo huinuka. Ugeuze na uuache usiku mwingine, au bora zaidi uusimamishe kwa ukingo wake mahali ambapo hewa inapita pande zote mbili. Ukinyooka, tatizo lilikuwa unyevu usio sawa na hakuna haja ya randa. Ukibaki umejikunja, basi ama bado haujakauka ndani, ama una mkazo uliofungiwa ndani yake. Mkazo hujitambulisha wakati wa kupasua: mkato unafunga nyuma ya msumeno na kuubana, au unafunguka kama mdomo. Mkato ukifunga, zima mashine, subiri diski isimame kabisa, ndipo usukume kabari ndogo ndani ya mkato.

Unyevu unaweza kupimwa bila kifaa cha umeme. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka haraka na zitakudanganya. Kipime uzito mara moja, kisha kikaushe kwenye oveni yenye joto la digrii 103 za Selsiasi, ukikipima tena na tena hadi uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 120 na kuishia gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa samani ya ndani ya nyumba. Nyumba zinazopashwa joto au kupozwa kwa mashine mara nyingi huishusha mbao hadi kati ya asilimia 6 na 9. Mahali penye hewa ya kawaida hukaa karibu na asilimia 12.

Tiba inaanza kwenye kuhifadhi. Panga mbao juu ya vipande vyembamba vya kutenganishia vyenye unene sawa, kila kimoja kikiwa wima juu ya kile cha chini yake, na upake ncha rangi au nta, kwa kuwa unyevu hutoka kwenye ncha haraka kuliko kwenye nyuso na hapo ndipo nyufa huanzia. Unapoanza kazi, kata kila kipande kikubwa kidogo kuliko kinavyohitajika, kiache kwa siku kadhaa ndani ya karakana, kisha ukirande hadi kipimo cha mwisho ukitoa unene unaolingana pande zote mbili. Kurandwa upande mmoja tu huamsha mkunjo hata kwenye ubao mzuri.

Ili kujua kama ubao umejisokota, tengeneza fito mbili zilizonyooka zenye upana sawa na urefu wa milimita 500 hivi, moja ikiwa na ukingo wa rangi nyeusi. Zisimamishe kwenye ncha mbili za ubao, uiname na uchungulie kingo zake za juu: msokoto mdogo ambao jicho halingeuona hukuzwa na urefu wa fito. Geuza ufito mmoja mwanzo kuwa mwisho na uchungulie tena. Mwinamo ukihamia upande wa pili, ufito ndio wenye kosa.

Uso mpana wa meza uliopasuka au kuinama baada ya miezi michache ni dalili ya kufungwa. Mbao lazima iachiwe itanuke kwa upana. Badala ya kuufunga uso wa meza moja kwa moja kwenye fremu, tengeneza vifungo vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji wa fremu na kuteleza humo, au refusha matundu ya skrubu yawe mviringo mrefu unaofuata upana wa uso. Paneli ya mlango nayo ikae huru ndani ya mifereji, bila tone la gundi isipokuwa katikati kabisa ya ncha zake.

Randa inanyofoa nyuzi, inaacha mawimbi au haikati

Uso ukinyofoka, geuza ubao mwanzo kuwa mwisho na urande sehemu ileile. Ikiwa kunyofoka kumekoma, ulikuwa unaranda kinyume cha nyuzi; tazama ubavu wa ubao na uhakikishe kwamba nyuzi zinapanda kuelekea unakosukumia. Ikiwa ubao unanyofoka kwa mwelekeo wowote ule, hamia kwenye kisu.

Makali hupimwa kwenye ncha ya kipande cha mbao laini. Patasi au kisu chenye makali ya kweli hukata ncha hiyo na kuacha uso unaong'aa kidogo, wakati makali yaliyochoka husaga nyuzi na kuacha vidoa vyeupe vilivyopondeka. Ukishika kisu chini ya taa, makali mazuri hayaonekani kabisa, na ukiona mstari mwembamba unaoakisi mwanga, hapo ndipo ubutu ulipo.

Kunoa hakuhitaji mawe ya gharama. Kipande cha kioo kinene kilichobandikwa msasa wa namba 400, 1000 na 2000 kinatosha kwa miaka mingi. Upande bapa wa kisu unoe kwanza hadi ung'ae karibu na makali, kwa maana makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana na hayawezi kuwa mazuri kuliko ule uso ulio mbaya zaidi. Kisha noa hanamu, yaani ule uso wa mteremko unaoishia kwenye makali, hadi uhisi kwa kidole unyuzi mdogo wa chuma upande wa pili, katika upana wote. Bila unyuzi huo bado hujafika ukingoni, na kuhamia kwenye msasa laini zaidi ni kazi bure.

Pembe ya hanamu inaweza kujulikana kwa rula. Kwa digrii 30, urefu wa hanamu ni mara mbili kamili ya unene wa chuma. Kwa digrii 25, ni takriban mara 2.4. Patasi yenye unene wa milimita 3 ikiwa na hanamu ya milimita 6 ipo kwenye digrii 30, na hanamu ikizidi milimita 7 makali yatakuwa membamba mno na yatameguka kwenye mbao ngumu. Kama unatumia kishikio cha kunolea chenye gurudumu, pigilia kizuizi cha mbao kwenye kibao kidogo ili kisu kitokeze kwa kiasi kilekile kila mara. Kunoa kutachukua dakika chache, kwa sababu utakuwa unarudia pembe ileile badala ya kutengeneza mpya. Chuma cha kaboni kikigeuka buluu kwenye mashine ya kunolea, ugumu wake umepotea mahali hapo na huna budi kuliondoa eneo lote la buluu. Kichovye kwenye maji mara kwa mara kabla hakijafika huko.

Kisu kikiwa kikali na nyuzi bado zinanyofoka, sogeza lile bati la kuvunjia maranda karibu na makali. Kwa kazi ya kawaida hukaa nyuma kwa milimita 1 hivi. Kwa mbao yenye nyuzi zilizopishana lipelekwe hadi karibu milimita 0.2, na kisu kitokezwe kidogo sana. Maranda yakijisokota na kukwama mdomoni mwa randa, toa kisu na bati lake, vishike mbele ya dirisha na utazame kama mwanga unapita kati yake. Ukipita, noa ukingo wa bati hadi ulale barabara. Na kwa sehemu ndogo sugu, kipande cha bati la msumeno wa mkono uliochakaa, kikinyooshwa ukingo kwa tupa na kukunjwa kidogo kwa kusugua chuma kigumu juu yake, huwa kikwaruzo kinachosafisha nyuzi ambazo randa imezishindwa.

Alama zinazobaki kwenye uso zina lugha yake. Mawimbi yenye nafasi sawa yanaonyesha kisu kinachotetemeka kwa kutokazwa vizuri au kwa kukalia uchafu. Mstari ulioinuka mfululizo ni pengo lililomeguka kwenye makali. Alama ndefu kama ngazi ndogo zinazofuata njia ya randa zinatoka kwenye pembe za kisu, na dawa yake ni kuziviringisha kidogo pembe hizo. Ubao ukiwa mwembamba kwenye ncha zake, kisu hakina kosa: wakati wa kuanza egemeza uzito mbele ya randa, na unapomaliza uhamishie nyuma.

Msumeno unapotoka mstari au unaunguza mbao

Msumeno wa mkono unaokwenda pembeni ujaribiwe ndani ya kiongozi cha mbao: kipande kinene chenye mkato uliopimwa, kinachofungwa kwa klampu juu ya kazi. Ukipotoka hata humo, meno yamepanuliwa zaidi upande mmoja, na msumeno huvutwa kuelekea upande huo. Pitisha jiwe laini la kunolea mara moja au mbili tu kwenye ubavu wa meno ya upande huo, kisha jaribu tena. Ukikata sawa ndani ya kiongozi na kupotoka nje yake, rekebisha mkao: kiwiko, bega na msumeno viwe kwenye mstari mmoja, na mshiko ulegee.

Kwa msumeno wa meza, alama nyeusi za kuungua zitazamwe kwa makini kabla ya kubadilisha chochote. Pande zote mbili za mkato zikiungua, chanzo ni diski butu, utomvu uliogandia kwenye meno, au ubao unaosukumwa polepole mno. Utomvu huondoka kwa kuloweka diski kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na kusugua kwa mswaki wa zamani, na watu wengi hununua diski mpya wakati ile ya zamani ilikuwa chafu tu. Ukiungua upande wa kiongozi cha meza pekee, yaani upau ambao ubao huegemezwa unapopasuliwa, kiongozi kinafunga nyuma ya diski na kuubana ubao kwenye meno yanayopanda. Hali hii ni ya hatari, kwa sababu meno hayo yanaweza kuurusha ubao kumwelekea fundi kwa kasi kubwa, na isivumiliwe hata kwa mkato mmoja.

Chomoa waya wa umeme. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, kisha chonga kipande cha mbao kinachoteleza bila kucheza ndani ya mfereji wa meza na ukifunge skrubu ubavuni, ukirekebisha skrubu hadi kichwa chake kiguse jino hilo likiwa mbele. Zungusha diski ili jino lilelile liwe nyuma, sogeza kipande, uangalie kama mguso ni uleule. Kutumia jino moja huondoa kosa la diski iliyojipinda, ambalo vinginevyo lingekupotosha. Diski ikishakuwa sambamba na mfereji, pangilia kiongozi kwa kutumia mfereji huohuo. Bapa la kutenganisha mkato lililo nyuma ya diski libaki mahali pake, na tengeneza fimbo mbili za kusukumia, zitundikwe mahali ambapo mkono unazifikia bila kuzitafuta.

Plaiwudi ikichanika upande wa chini wa mkato, mwanya kuzunguka diski ni mkubwa. Kata bamba la plaiwudi lenye umbo la kifuniko cha meza, lifunge imara kwa kulikandamiza na ubao mrefu uliobanwa pembeni mwa njia ya diski, kisha inua diski inayozunguka polepole ili ikate mwanya wake yenyewe. Nyuzi zitashikiliwa hadi kwenye ukingo wa mkato.

Kutoboa na skrubu kuna mambo machache. Biti ikihama kutoka kwenye alama, anza kwa msumari wenye ncha kali. Mbao ikipasuka upande wa pili, bana kipande cha taka nyuma yake. Skrubu ikikatika kwenye mbao ngumu, toboa tundu lenye kipenyo cha shina la skrubu bila nyuzi zake na uipake nta ya mshumaa.

Kiungo cha gundi kimefunguka

Usikimbilie kupaka gundi tena. Tazama sehemu iliyovunjika, kwa maana inaeleza karibu kila kitu. Nyuzi za mbao zikiwa zimeng'oka na kubaki kwenye gundi, gundi ilifanya kazi yake na kiungo ndicho kilichokuwa dhaifu kwa umbo. Upande mmoja ukiwa na gundi laini inayong'aa na mwingine ukiwa mtupu, gundi haikuloweka uso wa pili: ama ilikauka juu kabla ya kubanwa, ama uso ulikuwa umesuguliwa kwa makali butu hadi ukaziba. Tone la maji litathibitisha hilo, kwa kuwa huingia haraka kwenye uso uliokatwa vizuri na kusimama kama shanga juu ya uso ulioziba au wenye mafuta. Gundi nene yenye vishimo ni ishara ya mwanya mkubwa au kubanwa kidogo. Ncha ya mbao iliyokauka bila gundi imeinywa yote, na dawa yake ni kupaka tabaka la kwanza, kusubiri dakika chache, kisha kupaka la pili. Gundi nyeupe ya mbao iliyogeuka unga mweupe kama chokaa ilipakwa kwenye baridi, kwa kawaida chini ya digrii 10 za Selsiasi.

Wasio na klampu za kutosha wana kabari. Pigilia vipande viwili juu ya ubao mgumu, umbali kati yake ukizidi kidogo upana wa kazi, kisha ingiza kabari mbili zenye mteremko wa 1 kwa 8 zikitazamana na uzigonge kwa zamu. Ili mbao zinazounganishwa zisiinuke, zibane juu na chini kwa fito zilizotuna katikati kwa milimita 1 au 2 na kufunikwa kwa utepe wa plastiki wa kufungia vifurushi. Zikikazwa kwenye ncha, uvimbe wa katikati hukandamiza pale ambapo klampu haifiki. Weka karatasi chini ya klampu za chuma, la sivyo maji ya gundi, chuma na tanini ya mbao vitaacha mabaka meusi. Fremu ya duara au ya pembe nyingi hubanwa kwa kamba iliyozungushwa mara mbili na kusokotwa kwa kijiti.

Vanishi inanata, ina vishimo au imefifia

Paka vanishi ileile kwenye kipande cha kioo siku ileile unapoipaka kwenye kazi. Ikikauka kwenye kioo na kunata kwenye mbao, mafuta ya asili ya mbao yanaizuia, kama inavyotokea kwenye msaji na mpingo. Kwangua, futa uso kwa asetoni na upake mara asetoni inapokauka, kabla mafuta hayajapanda tena. Ikinata hata kwenye kioo, vanishi imezeeka, tabaka ni nene mno, au hewa ni baridi na yenye unyevu, na hapo kubadilisha mbao hakutasaidia. Vishimo vidogo vya duara vinavyokataa kufunikwa husababishwa na silikoni kutoka kwenye dawa za kung'arishia samani. Viputo hutokana na kutikisa mkebe. Koroga taratibu badala yake. Mikwaruzo ya mviringo inayojitokeza baada ya vanishi ilikuwepo tangu kwenye msasa: chora mistari ya penseli uso mzima kabla ya kila namba, kuanzia 80 hadi 120, 180 na 220, na usihamie nyingine hadi mistari yote ifutike. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini unapopiga msasa, kwani vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta yana hatari ya pekee ambayo haitoi dalili mapema. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa au kurundikwa kwenye ndoo huhifadhi joto hilo hadi linawaka lenyewe, wakati mwingine saa kadhaa baada ya karakana kufungwa. Yatandaze moja moja nje, mbali na kitu kinachoweza kushika moto, hadi yakauke na kuwa magumu, au yazamishe kwenye mkebe wa chuma uliojaa maji na wenye kifuniko kabla ya kuondoka.